Trekta dogo la kwanza kwa shamba la mteremko: jibu kwa mkulima wa Kilolo

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina ekari 18 wilayani Kilolo, mkoa wa Iringa. Sehemu ya juu nalima mahindi na viazi mviringo, katikati nimepanda parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, na chini kuna vinyungu (bustani za bondeni) karibu na mto. Karibu shamba lote ni mteremko. Nataka trekta dogo la kwanza, la kulimia na la kubebea mazao mpaka barabarani. Kuna wanaonishauri nichukue trekta lililotumika la farasi 50 linalovuta kwa tairi za nyuma tu, na wengine wanasema pawatila (trekta la tairi mbili la kushika kwa mikono) inanitosha. Nichague lipi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na hili: kwenye vilima, trekta mara nyingi hukwama kwa kukosa mshiko wa tairi wakati injini bado ina nguvu. Na likiua, huua kwa kupinduka au kwa kusukumwa na tela. Kwa hiyo angalia kwanza tairi zipi zinavuta, upana wa trekta, uzito wake na breki zake. Idadi ya farasi ije baadaye.

Kabla ya kwenda kuangalia trekta la mtu yeyote, pima shamba lako. Chukua ubao mnyoofu wa mita 2, pimamaji ya fundi mwashi na tepu. Laza ubao kuelekea chini ya mteremko, ncha ya juu ikigusa ardhi, inua ncha ya chini mpaka pimamaji iseme ubao umelala sawa, kisha pima sentimita kutoka ncha hiyo hadi chini. Nusu ya sentimita ulizopata ndiyo asilimia ya mteremko: sentimita 24 ni asilimia 12, sentimita 40 ni asilimia 20. Pima sehemu nyingi, hasa pale unapodhani ni pa kawaida, kwa sababu jicho la mtu aliyezaliwa mlimani huona tambarare mahali ambapo si tambarare. Weka vigingi vya rangi tofauti.

Mimi ningegawa hivi. Panapopata hadi sentimita 24, trekta lifanye kazi zote kwa kukinga mteremko. Kati ya 24 na 40, lichane udongo na kukata majani, lakini lisipite kwa ubavu likiwa na tela, wala likiwa limeinua mzigo mzito nyuma. Zaidi ya 40, trekta lisiingie isipokuwa kwenye njia iliyochongwa. Hapo ndipo mahali pa parachichi, majani ya mifugo na miti. Ukimaliza huenda ukagundua kwamba katika ekari 18, zinazofaa trekta ni 9 au 10 tu. Hilo ni jambo jema kulijua kabla hujalipa. Vinyungu viache kwa jembe la mkono. Udongo wa kule ni mnyevu, trekta litazama, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Hapa kuna mvutano ambao wauzaji wengi hawautaji. Udongo unataka ulime kwa kukinga mteremko ili maji ya mvua yasibebe rutuba, lakini trekta liko salama zaidi likipanda na kushuka moja kwa moja kuliko likipita kwa ubavu. Wengi hulimaliza kwa kulima juu-chini, na baada ya masika chache kila mfereji wa plau umekuwa korongo. Dawa yake ni kupunguza mteremko wenyewe: chimba makingamaji kwa vipimo vya fremu ya A (miti mitatu yenye umbo la herufi A, ya kutafutia mstari wa usawa), kwa mtindo wa "fanya juu", yaani udongo wa mtaro ukitupwa upande wa juu kuwa tuta, panda majani ya Guatemala au tembo juu ya tuta, na acha ukanda kati ya tuta na tuta wenye upana unaogawanyika kwa upana wa zana yako. Miaka inavyokwenda, ukanda hujitandaza wenyewe. Lakini matuta haya yapimwe ukijua trekta litageukia wapi. Mwisho wa kila ukanda acha mita 5 hadi 6 za kugeuzia, na geuza kwa kuelekea juu pale nafasi inaporuhusu.

Sasa hesabu ya mshiko. Chukua trekta la kilo 1,300 likivuta tela lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo, kupanda mteremko wa asilimia 15 kwenye njia ya udongo. Kuinua tani 2.8 mlima huo kunahitaji mvuto wa kama kilo 415. Ukinzani wa tairi kwenye udongo unaongeza kama kilo 170. Jumla ni kilo 585 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, hiyo ni kazi ya farasi 13 tu, na hata trekta la farasi 25 linazo. Tatizo liko kwenye tairi. Kwenye udongo mkavu kiasi, tairi hushika kama nusu ya uzito unaoikandamiza. Trekta linalovuta kwa tairi za nyuma tu lina kama asilimia 65 ya uzito wake nyuma, yaani kilo 845, kwa hiyo linaweza kuvuta kilo 420 na ushee. Litajizungusha tairi pale pale. Likivuta kwa tairi zote nne, linatumia kilo 1,300 zote na kufikia 650. Linapanda. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi mshiko hushuka hata chini ya theluthi moja, na hapo hakuna trekta la uzito huu litakalopanda na tela hilo. Usilazimishe.

Kwa sababu hiyo sharti langu la kwanza ni tairi nne zivute. Na faida kubwa zaidi ni wakati wa kushuka. Matrekta mengi madogo yana breki za nyuma tu. Ukiwa umeingiza uvutaji wa tairi nne, tairi za mbele zimeunganishwa na gia, kwa hiyo injini na breki huzishika nazo. Ukiutoa, tairi za mbele zinakimbia bure, na tairi mbili za nyuma ndizo zinabeba kazi yote ya kukushikilia mlimani. Kwenye barabara kavu iliyo tambarare utoe, kwa kuwa hula tairi na meno ya ekseli. Kwenye mteremko mkali uache uingie, juu na chini.

Trekta la farasi 50 la tairi mbili, kama Massey Ferguson 240 zinazoonekana kila mahali, ni chaguo zuri kwa mtu wa Ismani au Usangu, ambako ardhi ni tambarare na kazi ni kuvuta plau siku nzima. Spea zake zipo na mafundi wanalijua. Kwako wewe, tatizo ni kwamba uzito wake utakusaidia kupanda lakini utakusukuma kushuka, na kukata kona kwenye kanda nyembamba itakuwa shida.

Pawatila nayo ina hatari yake mlimani ambayo mnunuzi mara nyingi haelezwi. Nyingi hukata kona kwa kubana klachi ya upande mmoja. Kwenye tambarare, ukibana ya kushoto, mashine inaenda kushoto. Ukishuka mteremko huku injini ikizuia mwendo, tairi uliyoiachia ndiyo inayokimbia, na mashine inaenda kulia. Dereva anayetarajia kushoto anajikuta kwenye korongo. Kwa vinyungu vya tambarare au mpunga ni chombo kizuri. Kwa tela lenye magunia Kilolo, sikushauri.

Kuhusu farasi, kumbuka urefu wa milima yetu. Injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ukiwa mita 1,800 au 2,000, injini iliyoandikwa farasi 40 inakupa 33 hivi, na kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha zana, unabaki na kama 28. Hesabu zana zako kwa 28. Ndiyo maana kwa ekari kama zako napendekeza injini ya farasi 35 hadi 40 kwenye karatasi. Ya 24, mfano Mahindra Jivo 245, ni nyepesi na inapita vizuri kati ya miparachichi, lakini ikipunguziwa na urefu wa mlima itahema kwenye kuchana udongo uliokauka. Kubota L3408 na L4508 ni mfano wa matrekta ya tairi nne yanayokaribia ukubwa ninaousema, la kwanza farasi 34, la pili 45. Nayataja ili ujue umbo la kulitafuta. Jina la kampuni ni jambo la pili baada ya spea.

Uzito uwe kilo 1,200 hadi 1,600 bila zana. Upana kati ya tairi za nyuma uweze kuongezwa, kwa maana huo ndio ulinzi wa kwanza dhidi ya kupinduka. Nitaeleza kwa namba. Tuseme kati ya tairi na tairi ni sentimita 110 na uzito wa trekta umekaa sentimita 75 kutoka ardhini. Kwa karatasi, trekta hilo litapinduka kwenye nyuzi 36. Mteremko wa asilimia 20 ni nyuzi 11 tu, kwa hiyo mtu hujiona salama. Sasa tairi ya chini iingie kwenye shimo la sentimita 20: umeongeza nyuzi 10. Tairi ya juu ipande kisiki cha sentimita 15: nyuzi 8 nyingine. Umefika 29, trekta linatembea, na mtikisiko unamalizia kazi. Tena hizo 36 ni za karatasi. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati ili ifuate mabonde, hivyo mwanzoni mwa kuinama trekta limesimama juu ya pembe tatu: tairi mbili za nyuma na ile pini. Hali halisi ni mbaya kuliko hesabu.

Ukitoa upana kutoka 110 hadi 130, unafika nyuzi 41. Kazi hii hufanyika kwa kugeuza diski za rimu au kubadilishana tairi ya kushoto na ya kulia. Ukibadilishana, hakikisha meno ya tairi bado yanaelekea upande sahihi: ukiangalia kutoka nyuma, kwa juu, ncha ya V ielekee mbele. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu, endesha saa moja, kaza tena, na rudia kila siku kwa wiki ya kwanza. Nati zilizolegea hukata boliti, na tairi hutoka trekta likiwa mlimani.

Weka pia maji kwenye tairi za nyuma. Inua trekta, zungusha tairi mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza maji mpaka yaanze kutoka kwenye valvu, kisha malizia kwa upepo. Hapo tairi imejaa robo tatu. Kwa tairi za ukubwa huu ni lita 100 na zaidi kila moja, na uzito huo unakaa chini, unapotakiwa. Ubaya wake ni kuziba pancha. Fundi atalalamika, mvumilie.

Mbele pawekwe vyuma vya uzito. Tairi za mbele zibebe angalau asilimia 20 ya uzito wote zana ikiwa imeinuliwa. Ukiinua ripa (zana ya meno ya kuchana udongo) ukiwa unapanda na usukani ukawa mwepesi ghafla, vyuma havitoshi.

Fremu ya kinga juu ya kiti haina mjadala. Trekta lisilo nayo usinunue, au ondoa kwenye bei gharama ya kufunga iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Bomba la kuchomelea gerejini hukunjika chini ya tani moja na nusu. Fremu ikiwa imesimama, funga mkanda. Mkanda ndio unaokuweka ndani ya eneo ambalo fremu inalinda. Ukilazimika kuilaza fremu ili kupita chini ya matawi ya parachichi, fungua mkanda, kisha isimamishe mara unapotoka. Wengi huisahau imelala miezi mitatu.

Sasa tela, na hapa nakuomba usome taratibu. Tela nyingi hazina breki. Kanuni yangu kwa vilima ni kwamba tela pamoja na mzigo lisizidi uzito wa trekta. Trekta la kilo 1,400 na tela tupu la kilo 500 linakuachia kilo 900, yaani magunia 9 ya viazi ya kilo 100. Yakiwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, ni 6 au 7. Najua jirani anapakia 20. Siku atakayoteleza, tela litamsukuma kwa nyuma, trekta litakaa mshazari mbele yake na kupinduliwa. Kama mavuno ni mengi, nunua tela lenye breki zake, au rudia safari.

Kushuka kuna utaratibu. Simama juu kabla mteremko haujaanza. Unganisha pedali mbili za breki kwa kile kipande cha chuma, kwa sababu ukikanyaga moja tu kwenye mwendo trekta linajipinda. Ingiza tairi nne. Chagua gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, au ndogo yake. Shuka bila kugusa klachi. Klachi ikikanyagwa, injini inaachia, mwendo unaongezeka, na ukitaka kurudisha gia haiingii tena. Watu wengi waliopoteza trekta mlimani walikanyaga klachi.

Na tela au gogo lifungwe kwenye sehemu yake ya chini ya kuvutia, kamwe si kwenye mkono wa juu wa kuinulia wala juu ya ekseli. Likivutwa kwa juu, tairi za nyuma zikishika na mzigo ukagoma, trekta linajiinua mbele na kumlalia dereva ndani ya sekunde moja na nusu. Hakuna anayewahi klachi.

Zana za kuanzia ni chache. Ripa ya meno mawili yanayosogezwa, uyaweke sentimita 75 kwa mistari ya mahindi, ichane sentimita 20 hadi 25 udongo ukiwa mkavu kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, pamoja na kugeuza, ekari moja itachukua saa moja na ushee na kama lita 5 za dizeli. Ripa huacha mabaki ya mazao juu na maji huzama. Plau la sahani mbili litafaa ekari za viazi zilizo kwenye mteremko mdogo, na ligeuze udongo kuelekea juu. Rotaveta usiipende sana: inapendeza machoni, lakini inasaga udongo kuwa unga, na mvua ya Januari huupeleka mtoni. Kati ya miparachichi tumia mashine ya kukatia majani ya mita 1.2, uache mizizi ya majani ishike udongo. Mikono ya nyuma iweze kuinua angalau kilo 800.

Gia ziwe nane mbele kwa uchache, ya chini kabisa iende polepole kuliko mtu anayetembea. Breki zilizo ndani ya oili ni bora kuliko kavu, maana hazishiki maji na hazichoki haraka. Klachi iwe ya hatua mbili ili PTO iendelee kuzunguka ukisimamisha mwendo.

Kama utanunua lililotumika, fika asubuhi injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla yako. Moshi mweupe unaokoma baada ya dakika chache kwenye baridi ya Juni ni wa kawaida. Wa bluu usiokoma ni ringi au valvu. Fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiunguruma. Hewa ikipuliza kwa nguvu, silinda zimekwisha, mara nyingi kwa vumbi lililopita kwenye filta mbovu. Inua mbele kwa jeki, tikisa tairi juu na chini: mchezo kwenye pini ya kati au kwenye habu za tairi nne ni gharama. Inua mifuko 6 ya saruji kwa mikono ya nyuma, zima injini, pima baada ya dakika 10. Ikishuka zaidi ya sentimita chache, sili au silinda ya haidroliki imechoka. Jaribu kila breki peke yake.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni hiki: lipeleke kwenye mteremko, shuka kwa gia ya chini mguu ukiwa mbali na klachi na karibu na breki. Gia ikichomoka yenyewe, acha trekta hilo, hata kama bei ni ya kutupa.

Yale madogo yaliyotumika kutoka Japani yana mambo yake. Mengi hayana fremu ya kinga, maandishi ni ya Kijapani, na PTO ina mwendo zaidi ya mmoja. Zana zetu zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Ukiingiza mwendo wa juu kwenye mashine ya kukatia majani, visu huruka. Mwambie fundi apime kila mwendo na aweke alama ya rangi kwenye ule wa 540.

Halafu spea. Kabla ya kulipa, andika namba za vitu hivi: filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, mkanda wa feni, sahani ya klachi na sili za habu za mbele. Piga simu maduka ya Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya. Zikipatikana zote ndani ya wiki moja, endelea. Sili za habu za mbele zikikosekana, uvutaji wa tairi nne uliolipia utakufa ndani ya misimu michache, kwa kuwa tope huingia na oili hutoka.

Likishafika nyumbani, kama ni jipya, badilisha oili ya injini na filta baada ya saa 50 za kwanza, kagua oili ya ekseli ya mbele kwenye saa hizo hizo, na usiache tangi la dizeli lishuke chini ya robo unapofanya kazi kwenye mteremko. Dizeli hukimbilia upande mmoja, bomba hunyonya hewa, injini inazima katikati ya mlima, na utalazimika kutoa hewa kwenye filta ukiwa umeweka magogo nyuma ya tairi. Hayo magogo mawili yatembee na trekta kila siku.